Jogoo wa Laki Mbili

Jumapili, 2 Februari

Nimehesabu sadaka peke yangu tena. Mama Neema tuliyekuwa tukihesabu naye kahamishiwa bara, kama wote. Tumebaki waumini thelathini hivi. Paa linavuja juu ya madhabahu na masika ni mwezi ujao. Pesa ya bati haitoshi. Mtunza hazina ni mimi, kwa hiyo ninayetazamwa ni mimi. Nimechoka kutazamwa.

Mume wangu Elia kapiga simu kutoka Tabora. Nauli ya kuja Pasaka ameshaiweka pembeni, laki mbili. Nimecheka peke yangu jikoni kama mwehu.

Alhamisi, 13 Februari

Zamu ya asubuhi hospitali. Mkataba wangu unaisha Desemba. Bila huo ningekuwa Tabora na mume wangu, si hapa nikikumbatia mto.

Benki ilipomhamisha Elia mwaka jana, kanisa nalo lilipoteza dalali. Sadaka za mazao na kuku hunadiwa baada ya ibada, na mnadi alikuwa yeye. Papai moja aliliuza mara tano. Anayenunua anarudisha, linanadiwa tena, watu wanacheka, mfuko unajaa. Sasa mnada wa paa ni tarehe 23 na wazee wameniambia ninadi mimi. Sauti yangu ni ya wodini.

Jumamosi, 22 Februari

Bi Asha, jirani yangu hapa Madungu, kaniletea jogoo kamfunga miguu. Anasema anamchakuria karafuu zake mkekani, hasikii kufukuzwa. Nikamwambia mapema kwamba atanadiwa kanisani, asije akasikia kwa watu akaudhika.

"Mpeleke utakako, mwanangu. Huyu jimbi asirudi kwangu tu."

Kisha akauliza mume wangu yuaja lini. Pasaka, nikasema. Nimelisema kwa raha hadi nikaona haya.

Jumapili, 23 Februari

Nimenadi vibaya. Ndizi, nazi, mayai, vyote kwa bei ya sokoni. Hakuna aliyerudisha kitu. Amebaki jogoo.

Mzee Lukas, mzee wetu wa kanisa, akasema Elia apigiwe anadi kwa simu. Tukaisogeza simu kwenye kipaza sauti. Ile sauti. Watu walianza kucheka kabla hajasema la maana. Mimi nilitamani wote watoke nje nibaki nayo.

Jogoo kanunuliwa mara tatu, karudishwa mara tatu. Mifuko ikakauka. Nikatangaza kilichopungua: laki mbili. Halafu yeye.

"Namnunua mimi. Laki mbili. Simrudishi, mpeni mke wangu."

Vigelegele kanisa zima. Hakuna aliyejua ni pesa gani ile isipokuwa mimi. Nilisimama pale na jogoo mkononi.

Jumatatu, 24 Februari

Pesa imeingia kwenye simu asubuhi. Nimemwandikia stakabadhi kama mtu yeyote. Elia, jogoo mmoja.

Nina hasira naye. Angeniuliza kwanza. Ningemkataza, na analijua hilo.

Shuka jipya la Pasaka nilishalitoa kabatini. Nimelirudisha.

Jumapili, 16 Machi

Mvua imenyesha ibada nzima. Mahubiri hatukuyasikia kwa kelele za bati jipya. Hakuna aliyelowa. Mzee Lukas anasema tumeezekewa na jogoo, na watu wamecheka, na mimi pia kidogo.

Magharibi Bi Asha kaniletea bakuli la futari. Akamwona jogoo uani, akataka kujua kwa nini hajaliwa mpaka leo. Nikamweleza yote. Alikaa na mimi kidogo kwenye baraza ingawa futari ilikuwa inamngoja kwake.

Elia kapiga baadaye. Paa hakuliuliza. Kauliza kama jogoo mzima. Mzima, nimemwambia, nitamchinja siku utakayoshuka melini bandari ya Mkoani. Hakuna kati yetu aliyetaka kukata simu.

Mchicha wangu wote kauchakura leo. Nimemwacha.