Dohani Moja, Meko Mbili

Jumatatu, 8 Julai
Nimewasha meko, samaki wametundikwa moshini. Nyumba hii ya Mwingereza ina adabu: moshi unapanda dohani, unaenda zake. Kuta za matofali mekundu, moja limelazwa kwa urefu, jirani yake limetoa kichwa tu. Sebule yake landilodi, mwenye nyumba wa sasa, ameikata kwa plaiwudi, ikawa vyumba vinne. Dirisha likakatwa katikati. Nusu yangu, nusu ya Mama Brayo. Kulifungua ni mkutano.

Wafula, keateka wetu, msimamizi wa nyumba, kapita mlangoni. Ati landilodi anataka meko ibomolewe, patoshe kitanda kingine. Nimekataa. Bila meko sina samaki wa kuuza soko la Kongo. Bila samaki siwezi kulipa kodi hapa Kabiro, narudi mtaa wa Gatwekera kwenye chumba cha udongo. Sirudi.

Jumatano, 10 Julai
Wafula kapanda paa. Ameziba dohani kwa kipande cha bati, akakigandamiza kwa mawe. Kashuka akijipangusa mikono.

"Haya, Mama Samaki. Choma sasa tukuone."

Moshi wote ulirudi chumbani. Nimetokwa na machozi ya moshi, na ya hasira. Samaki wa leo wameharibika. Namchukia.

Alhamisi, 11 Julai
Sikwenda sokoni. Nimekaa nje, naitazama nyumba. Mwingereza hakupenda kupoteza matofali. Dohani ni moja, meko ni mbili, zimepeana mgongo. Moja yangu. Ya pili iko kwa Wafula, nyuma ya kabati lake. Nadhani kasahau.

Ijumaa, 12 Julai
Nimewasha kuni mbichi, kisha nikaziba mdomo wa meko yangu kwa bati. Kila mtu na bati lake. Moshi ukatafuta njia.

Punde Wafula yuko uani na kaptura, anakohoa. Wapangaji wote wametoka.

"Keateka, umeanza sigara?" Mama Brayo huyo.

"Ni huyu mama! Zima moto!"

"Moto wangu una shida gani?" nikamwambia. "Kwangu hakuna moshi. Panda paa, ndugu yangu."

Akakataa. Nikaongeza kuni.

Akapanda.

Jumapili, 14 Julai
Baridi kali. Tangu asubuhi nasikia kuni zikipasuka upande wa pili wa ukuta. Wafula naye amewasha. Hatujasalimiana. Matofali yaliyo kati yetu yana joto, nimeyaegemea kwa mgongo.

Landilodi atakuja na mpango mwingine, najua. Aje.

Nageuza samaki.