Mwalimu wa Hesabu Nyumbani Kwangu

Baba Rehema, mume wangu,

Pokea salamu zangu kutoka Riyadh. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Mgongo wako je, bado wakusumbua ukikaa sana kwenye cherehani?

Barua hii anakuletea Mama Saidi wa Takaungu, mwenzangu wa kazi, anakuja likizo. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu yako haikai mkononi mwako, anayo Rehema, na haya si ya kusikiwa na mtoto.

Juzi nilipopiga simu ya video, nilimkuta Rehema anahangaika na hesabu ya x. Nikafurahi, maana kabla sijaondoka mimi ndiye niliyekuwa nikimfundisha. Nikamwambia, “Ile sita ihamishe upande wa pili, ubadilishe alama.” Akacheka. “Mama, siku hizi hatuhamishi. Mwalimu Zuhura asema tutoe sita pande zote mbili.” Nawe ukacheka. Kisha nikaona mkono wenye hina ukikuwekea sahani ya mahamri. Ndiye huyo huyo Zuhura: jirani mpangaji, mwalimu, hana mume, na mahamri juu! Siku hiyo niliunguza wali wa watu ninaowapikia huku, nikagombezwa.

Nina wivu, sikufichi. Nilikaa nikaifanya ile hesabu kwa njia yake, nikiomba ikatae. Ikakubali. Tena mtoto aielewa kuliko alivyoelewa kwangu, na hilo laniuma zaidi. Simkatazi kusoma. Ila mwalimu awe wewe.

Usiniambie uliacha hesabu herufi zilipoingia. Wapimia suruali Muyeye nzima, hii haikushindi. Tazama:

3(x + 2) = x + 14

Fungua mabano, ile tatu izidishe kila kilichomo ndani:
3x + 6 = x + 14

Toa x pande zote mbili:
2x + 6 = 14

Toa 6 pande zote mbili:
2x = 8

Gawanya kwa 2:
x = 4

Weka 4 mahali pa x uhakikishe: kila upande utapata 18. Naam, nimefuata njia yake. Usimwambie.

Sasa fanya hii peke yako:

5(x − 1) = 2x + 10

Mama yako mzazi mpe shikamoo yangu. Wifi yangu Fatuma mwambie kitambaa chake kipo. Mwalimu naye msalimie, ukiwa umesimama mlangoni.

Jibu nitumie limeandikwa kwa mkono. Mwandiko wako naujua, wa Rehema naujua. Wa tatu sitaki kuujua.

Mkeo,
Mwanasha