Nilimwandika Yupo

Alhamisi, Agosti 2021. Rooty Hill, huku ughaibuni. Baridi, mvua ya rasharasha, na wiki ya ngapi hii ya kufungiwa ndani, sijui tena.

Leo sina hata nguvu ya kujidanganya.

Nianze na kosa lenyewe, maana limenizunguka kichwani tangu mchana. Kwa siku sita za masomo nimemwandika Neema kwenye daftari la mahudhurio kwamba yupo. Hakuwepo. Darasa sasa ni la mtandaoni; kila asubuhi naita majina kwenye kompyuta, nikifika kwake nalitamka harakaharaka, naweka alama, naita anayefuata.

Neema ana miaka kumi na moja, yuko darasa langu la tano. Mama yake, Mkongo wa Uvira, anapanga mizigo kwenye ghala huko Smithfield, na tulikuwa tukisali pamoja kabla makanisa hayajafungwa. Jirani aliyekuwa akiwalea wadogo zake Neema amezuiwa kuja, hizi sheria za korona. Basi mlezi akawa Neema.

Barua mbili za utoro zilikuwa zimeshakwenda kwao. Ndipo mama yake akanitumia ujumbe wa sauti: "Mwalimu, dada yangu, unisaidie. Andika tu kama mutoto iko. Ile letter ya tatu ikifika, batakuja kubeba batoto yangu. Na kazi siwezi acha, boss alishasema no shift, no job."

Mtu aliyekimbia vita na watoto mgongoni, utamwambia nini kuhusu serikali kugonga mlango? Nilimhurumia. Na tuseme ukweli, kule Muheza nilikofundisha miaka tisa, daftari tulilijaza kwa utu. Mtoto kabaki nyumbani kuuguza, unaweka alama, maisha yanaendelea. Hapa niliambiwa siku ya kwanza kabisa kwamba daftari ni hati ya kisheria, kwamba sheria ya jimbo inataka kila mtoto awe shuleni, na mwalimu akiandika uongo atajibu mwenyewe. Niliitikia kwa kichwa. Nilidhani nimeelewa.

Jumanne saa nne na nusu asubuhi, Neema alimwagikiwa na uji wa moto. Mkono wa kulia, mpaka kwenye kiwiko. Daftari linasema saa hiyo alikuwa na mimi, tunafanya hesabu za sehemu.

Hospitali walimuuliza kwa nini alikuwa jikoni peke yake. Akajibu kwamba alikuwa darasani kwangu, akainuka mara moja tu kukoroga uji.

Alinikinga, na mkono wake umeungua.

Mkuu wa shule kanipigia leo mchana, mpole, ananipa pole. Anachotaka ni sahihi yangu tu, kesho saa tatu, kuthibitisha maneno ya mtoto. Nikitia sahihi, yamekwisha. Nikikataa, usajili wangu wa ualimu, ambao bado ni wa muda na niliusotea miaka minne nikiogesha wazee Lidcombe, huenda ndiyo basi tena. Na Mama Neema atasema nimemuuza.

Kinachoniua ni hiki. Ningeandika hayupo, ofisi ingepiga simu kwao. Yupo dada pale ambaye kazi yake ndiyo hiyo, na mwezi uliopita aliitafutia familia nyingine mahali pa kulelea wadogo. Nilijua. Nilimficha mtoto asionekane na watu ambao wangemsaidia, halafu nikajiona mwema. Huruma yangu imenitokea puani, lakini aliyeungua ni yeye.

Saa kumi nilimpigia mama yake kumpa pole. Akampa Neema simu. Hakuniambia habari ya maumivu. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Miss, did I say it right?"

Anataka kujua kama uongo wake ameusema sawasawa. Nimelia mpaka kichwa kinauma.

Sitatia sahihi. Kesho nitamwambia mkuu kwamba Neema hakuwepo, siku zote sita, na aliyeandika yupo ni mimi. Mama yake nitampigia kabla, alisikie kutoka kwangu. Naogopa, jamani. Naogopa sana.

Jumatatu sijui nani ataita majina. Namwomba Mungu mtu huyo, akifika kwa Neema, angoje aitike.