Aliyeitika Ndani ya Ngobyi

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Masisi. Jumatano, tarehe 13 Mei 1953, saa nne asubuhi.
Jina: Epiphanie Nzabandora. Umri: miaka 20. Kazi: mwalimu msaidizi, shule ya wasichana ya misheni. Makao: kwa mama yangu, juu ya barabara ya Masisi.

Sikuitwa. Nimekuja mwenyewe kwa sababu Papa Léonard na Papa Honoré, wazee wa wabebaji, wako mahabusu tangu juzi, na kosa wanaloshtakiwa ni langu.

Marehemu Agathe ni dada yangu mkubwa. Aliolewa Kashebere miaka minne iliyopita. Sauti zetu zilifanana mno. Hata mama, akiwa jikoni, aliuliza ni nani kati yetu amesema.

Kwetu hakuna gari la wagonjwa. Kuna ngobyi, kitanda cha mianzi kinachobebwa mabegani na wanaume wanne. Kila nyumba hutoa mbebaji kwa zamu. Watu wa mlima mmoja hubeba hadi mpaka wake, hapo mlima wa pili hupokea. Mgonjwa akifika zahanati akiwa hai, infirmier, yaani muuguzi, huandika karatasi, na wabebaji wote wa njia nzima husamehewa siku mbili za kazi ya barabara. Akifika amekufa, hakuna karatasi. Akifa njiani, mlima uliomshika ndio unaochimba kaburi na kulisha waombolezaji. Kwa hiyo hakuna mlima unaopokea ngobyi kabla mgonjwa hajataja jina lake kwa mdomo wake mwenyewe. Mpango huu umebeba watu wengi. Nimeukuta, na sijawahi kusikia mtu akiudanganya.

Mnamo tarehe 11 Mei, saa kumi na mbili asubuhi, tuliondoka Kashebere. Dada, niliyekuwa nimekwenda kumuuguza, alikuwa na maumivu ya tumbo kwa siku ya nne. Nilitembea kando yake, upande wa kichwa.

Saa tatu na nusu tulifika kwenye daraja la miti. Papa Léonard na watu wake walikuwa wakingoja. Aliinama akauliza, "Mama, jina yako?"

"Agathe."

"Sema nguvu kidogo. Miye nasikia na sikio moja tu."

Dada akasema, "Agathe, ule atakupiga kofi kama unamuangusha."

Wanaume walicheka, wakamwinua. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia nikiwa na hakika ni yake.

Kupanda kulikuwa na ukungu na manyunyu. Tulimfunika blanketi hadi usoni. Nilikuwa nikimsemesha, naye akinijibu kwa kunibana kidole. Yapata saa tano kidole changu hakikubanwa. Shuleni tulifundishwa mahali pa kutafuta mapigo ya moyo. Nilitafuta mkononi, kisha shingoni, huku nikitembea. Sikuyapata.

Nilinyamaza. Tulikuwa kwenye mlima wa Papa Léonard; kwa kanuni angezikwa hapo, kando ya njia, na watu wasiomjua. Mama hakuwa amemwona tangu harusi. Nilitaka afike kwa mama, anayekaa karibu na zahanati. Sikuwafikiria wabebaji hata kidogo.

Saa sita na robo tulifika kwenye lango la malisho ya ng'ombe. Papa Honoré alitoka ndani ya ukungu, akauliza, "Mugonjwa, jina?"

Niliinama kama ninayepanga blanketi. Nikasema, "Agathe."

Papa Honoré akasema, "Eh, sauti iko muzuri kuliko ya bibi yangu."

Papa Léonard akamjibu, "Tumemubeba kama mayai, kaka. Na weye usimupasue." Kisha akanishika mkono: "Pole, dada. Utamufikisha." Hakujua chochote. Naapa hakujua.

Watu wa Papa Honoré hawakuniuliza jina. Waliniita dada ya mugonjwa mpaka mwisho.

Saa tisa kasoro robo tulikuwa chini ya zahanati. Miguu yangu ilikuwa imechubuka. Mama Rosalie, anayeuza viazi vitamu hapo njiani, alinishika bega: "Kaa kwanza, binti. Damu iko inatoka." Nilikaa. Ngobyi ikaendelea kupanda bila mimi, hatua kama mia moja, mpaka mlangoni. Nilijua sasa watamfunua, na nilitaka wamfunue nikiwa mbali.

Infirmier hakutoka. Aliuliza kutoka mezani, kupitia dirisha: "Jina?"

Kutoka ndani ya ngobyi sauti ikasema, "Epiphanie."

Niliisikia waziwazi. Ilikuwa sauti yangu. Mama Rosalie alitazama juu, halafu akatazama mdomo wangu, akaondoa mkono wake begani mwangu.

Infirmier aliandika. Kisha akatoka, akafunua blanketi, akaanza kuwafokea wabebaji. Shingo na mikono ya dada ilikuwa imekwisha kukakamaa. Alisema wamebeba maiti tangu kabla ya mchana ili wapate karatasi, na mmoja wao ameigiza sauti ya mwanamke.

Brigadier anayeandika haya amenionyesha karatasi hiyo. Jina lililoandikwa ni Epiphanie. Ameniuliza kama yupo mbebaji aliyelijua. Hayupo. Ameniuliza nilikuwa wapi. Mama Rosalie ataeleza. Ameniuliza aliyeitika ni nani. Wa langoni ni mimi. Wa zahanati simjui.

Mama alimzika dada jana, nyumbani, kama nilivyotaka. Jana hiyohiyo mwanamke wa Kashebere, mwenye uchungu wa kuzaa wa siku mbili, alilazwa darajani kuanzia asubuhi mpaka mchana. Watu wa Papa Léonard hawakuja kumpokea. Walituma neno kwamba jina la mtu halitoshi tena. Alirudishwa. Naomba wazee hawa wafunguliwe, na milima iambiwe kwamba aliyedanganya si mbebaji.

Tangu Jumatatu sijaitika nikiitwa. Kaburini waliponiita niweke udongo, niliinua mkono tu. Nilisema jina lake wakati yeye hawezi kulisema. Sijui kama langu amelikopa au amelichukua.

Nimesema niliyoyafanya na niliyoyasikia, na sina la kuongeza wala la kupunguza.

(Sahihi) E. Nzabandora

Maandishi ya afisa: Nimeyaandika haya mimi, Brigadier Straton Sebarenzi, nikamsomea shahidi, akakubali kwamba ni sahihi. Rosalie amehojiwa, anathibitisha mahali shahidi alipokuwa, na kwamba mdomo wake haukufunguka. Karatasi ya zahanati imeambatishwa. Léonard na Honoré wamefunguliwa saa saba mchana. Shahidi ameonywa kwa udanganyifu wa langoni. Nilimwita kwa jina mara moja aje kutia sahihi. Aliinua mkono tu, lakini nilisikia mtu akiitika. Nimemuuliza mlinzi wa mlango kama ndiye aliyeitika, amekana.