Kukhu, Kesho Tunabomoa Hoteli Yako

Kukhu, nyanya yangu mpendwa,

Kesho asubuhi tunaibomoa hoteli yako. Nakuambia mapema usije ukasema umesikia kwa watu. Nimefurahi mpaka siwezi kukaa. Tangu nifike Bungoma leo na lori la madirisha kutoka Kitale, nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia, na fundi ananicheka waziwazi.

Unakumbuka ulivyokuwa ukisema, huku ukigeuza mandazi, kwamba siku moja wateja wako watapanda ngazi kunywa chai? Walipocheka uliwajibu, "Chekeni tu. Mtauangalia Mlima Elgon mkiwa na kikombe mkononi." Kukhu, ngazi inakuja. Nimeiona kwenye ramani ya jengo jipya, nikaifuata kwa kidole kutoka chini hadi juu, kisha nikarudia tena.

Nusura niharibu, lakini. Fundi alitaka tubomoe Jumapili moja, bila kumjulisha mtu. "Madam, watu wa kaunti si wako kanisani? Tunaangusha haraka haraka, nani atajua bana?" Mimi nilivyo na pupa, unanijua, neno la kukubali lilikuwa tayari mdomoni.

Ndipo nilipokuona tena akilini pale mlango wa nyuma, umebeba beseni la maji moto ya vyombo. Hukuwahi kuyamwaga kabla ya kuuliza. "Nimwage?" Ungesimama hapo, beseni likikulemea, hadi Mama Naliaka, mshonaji wa chumba cha jirani, akujibu kutoka nyuma ya ukuta, "Mwaga!" Siku moja nilikuambia unajisumbua bure, nje hakuna mtu. Ukaniuliza, "Umejuaje?"

Basi nikaenda ofisi ya kaunti, nikatoa taarifa kwamba tunataka kubomoa. Walinizungusha kidogo, siwezi kukuficha, lakini mwishowe wakamtuma afisa, binti mmoja aliyevaa gambuti. Alipanda darini na tochi, akashuka na masizi yako usoni, moshi wa kuni zako zote zile. Akamwambia fundi, "Mbao za paa la huyu mama mshonaji zimelalia ukuta wenu. Mkiuangusha vile mlitaka, na yeye mmemwangushia nyumba."

Fundi akakuna kichwa. Mama Naliaka bado hushona Jumapili akitoka ibadani, Kukhu. Angekuwa pale chini, miwani puani, akitia uzi kwenye sindano. Nilikaa kwenye benchi lako nikakushukuru kwa sauti, na fundi akadhani ninamwambia yeye.

Sasa paa la Mama Naliaka limeshikwa na nguzo za mikaratusi, naye amehamisha cherehani upande wa barabara. Stima imekatwa. Kibali kimebandikwa mlangoni pako, na wapita njia wanasimama kukisoma kana kwamba ni tangazo la harusi. Kaunti inajua, majirani wanajua. Ulikuwa umebaki wewe tu.

Nakukosa sana leo. Ungekuwa hapa ungemgombeza fundi na kumwongezea chai kwa wakati mmoja. Lakini umelala kaburini Sirisia, na mimi nimeliweka kando benchi lako na ile sufuria kubwa. Vyote viwili vitapanda ngazi.

Jioni hii nilitoka mlango wa nyuma, nikasimama pale pako. Sikuwa na beseni. Niliita tu, "Nimwage?"

Cherehani ikanyamaza. Nikasubiri, kama wewe. Kisha sauti ya Mama Naliaka, imezeeka sasa, ikaja kutoka ng'ambo ya ukuta, "Mwaga, mtoto wangu. Mimi nimeshatoka njiani."

Pumzika, Kukhu. Kikombe cha kwanza huko juu ni chako.

Mjukuu wako wa Kitale