Tulikutana Matangani kwa Sabina

Mjukuu wangu Tumaini,

Marahaba. Mahindi tumevuna, kikohozi cha mama yako kimepungua, na mimi bado nagombana na kila mtu hapa Mfaranyaki.

Unalalamika kwamba huko kazini kwenu ustawi wa jamii mnakalishwa kikao kimoja pamoja na polisi na nesi kwa ajili ya mwanamke mmoja anayepigwa na mumewe. Unauliza, wote hao wa nini? Mvivu wewe, sikiliza.

Miaka ile ya ruksa, wewe hujazaliwa, nilikuwa na jirani, Sabina. Polisi walimpa fomu ya matibabu. Nesi alimshona kichwa mara mbili. Balozi wa nyumba kumi akamwambia, "Vumilia mama, rudi mkapatane." Mimi nilimsikia mumewe kilabuni akisema, "Huyu mwaka huu namzika." Nikacheka na wenzangu.

Akamuua kweli.

Matangani ndipo tulipokaa pamoja mara ya kwanza, kila mtu akasema alilolijua. Balozi akanigeukia: "Mama Kasto, hilo ulilisikia ukanyamaza?"

Basi nenda kikaoni. Na jirani wa huyo mwanamke mumuulize. Akisema hajui kitu, mumuulize tena.

Bibi yako,
Mama Kasto