Sigara ya Mwisho ya Baba

Shoga, uko? Nimetoka kwa kaka sasa hivi.

Unakumbuka ile sigara nene ya mwisho ya baba? Kaka aliniapia kwamba aliitia mfukoni mwa koti la baba kabla jeneza halijafungwa.

Nimemkuta anaivuta! Sebuleni, na shemeji zake, bia nyeusi mezani.

Namuuliza, "Si ulimzika nayo?" Anacheka: "Dada, kwani marehemu ana kiberiti?"

Anacheka, shoga!

Kisha akawageukia wageni: "Bia kwanza, itulie mdomoni, ndipo uvute. Baba alinifundisha mimi peke yangu."

Peke yake! Na mimi baba aliniambia hiyo ni siri yetu wawili.

Kaka nitamsamehe. Baba nitamuuliza wapi?